Mizani Isiyopima Moshi

Ukiteremka kutoka Tukuyu kwenda Kyela, pua inatangulia macho. Huku juu ni chai, migomba na udongo uliolowa. Mvua ya Rungwe haijui likizo. Kisha barabara inaanza kujikunja, joto linapanda, na katikati ya migomba inaingia harufu nyingine: dizeli iliyoungua nusunusu na breki zilizochoka. Tukuyu iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Lori linaloshuka linaubeba mteremko wote huo kwenye breki. Linalopanda linaulipia kwa moshi.

Costa niliyopanda ilikuwa na utaratibu wake. Semi ikitokea mbele inapandisha, abiria wa dirishani walifunga vioo bila kuambizana. Ikishapita vioo vinafunguliwa, maana kwa joto la Kyela kioo kilichofungwa ni adhabu. Funga, fungua, funga, fungua, mpaka bondeni. Mama aliyekaa mbele yangu alimfunika mtoto kwa kitenge kila mara, na mazungumzo yake na jirani hayakukatika hata kidogo. Hakuna aliyelalamika. Moshi wa malori kwenye barabara hii umeshahesabiwa kuwa sehemu ya hali ya hewa.

Malori haya hayakuja hapa kwa bahati. Miaka ya 1980, vita vya Msumbiji vilipoziba reli za kwenda Nacala na Beira, Malawi ililazimika kugeukia kaskazini. Mzigo wake ukashushwa Dar es Salaam, ukaja Mbeya kwa reli ya TAZARA, na kutoka hapo ukapandishwa kwenye malori, ukavuka milima ya Uporoto na kushuka hadi Kasumulu mpakani, kisha Karonga. Ndiyo maana Mbeya ilipata kituo cha mizigo cha Malawi. Vita viliisha mwaka 1992, lakini njia ikishazoeleka haifutiki. Leo tangi za mafuta, mbolea na makontena bado vinapita palepale, na asubuhi za baridi za Juni na Julai, pale Uyole, Mbeya, moshi wa malori unalala juu ya vibanda vya chai mpaka jua lipate nguvu.

Kikusya njia zinaachana. Malori yanaendelea na safari yao ya mpakani, sisi tunakata kushoto kupitia Ipinda kwenda Matema, ufukweni mwa ziwa. Barabara hii ni ya lami, kilomita 39.1. Wazee wanaikumbuka ilivyokuwa tope, ambapo gari liliweza kulala njiani na abiria wakalala nalo. Mashamba ya mpunga pande zote, kakao kivulini, na mbele kabisa ukuta wa milima ya Livingstone unaozidi kuwa mrefu kadiri unavyoukaribia. Kisha lami inakwisha. Si kwamba fedha ziliisha. Ardhi ndiyo iliyoisha. Mlima umeshuka moja kwa moja hadi majini, na anayetaka kwenda Ikombe, kijiji kinachofuata upande wa mashariki, anapanda boti au anatembea kwa miguu akiushika ubavu wa mlima.

Nimekaa mijini vya kutosha kujua kwamba hewa ya namna hii sasa inauzwa. Matema kuna nyumba za wageni za kanisa na za watu binafsi zilizojipanga mchangani, na kinachouzwa hapo, ukiacha kitanda na samaki wa mbasa, ni mapafu kupumzika. Jioni upepo unatoka ziwani, na unaisikia injini ya boti ikiwa mbali kuliko unavyoweza kuiona.

Ila pwani hii nayo imewahi kuuona moshi wa injini mapema kuliko miji mingi ya bara. Kwanza ulikuwa moshi wa uongo. David Livingstone alipolichunguza ziwa hili mwaka 1861 aliona mawingu yamesimama juu ya maji, akadhani ni majani yanaungua maili kwa maili. Walikuwa wadudu wadogo wa ziwani, wanaoruka kwa mamilioni wakati wao ukifika. Upande wa Malawi huitwa nkhungu, na hukamatwa, hupondwa, huliwa. Moshi wa kweli ulikuja mwaka 1875. Mwingereza Edward Young alivusha meli ya Ilala vipandevipande, akaiunga upya na kuizungusha ziwa zima, ikichoma kuni zilizokatwa pwani. Katika safari hiyo ndipo milima hii ilipopachikwa jina la Livingstone, mtu ambaye alikuwa amekwisha kufa na hakuwahi kuipanda. Wajerumani wakafuata na meli yao ya kivita, Hermann von Wissmann, mwaka 1893. Kituo chao cha serikali kilikuwa kwenye pwani hiihii, mbele kidogo ya Ikombe, mpaka malaria ilipowashinda wakahamia juu Tukuyu. Kwa hiyo mtu wa kwanza kunusa injini hapa aliinusa kutoka majini, na lori ndilo lililochelewa.

Sasa twende London kidogo, maana huko ndiko lori lilikowekewa mpaka bila ukuta.

Tarehe 4 Februari 2008 mji huo uligeuza karibu eneo lake lote kuwa ukanda wa hewa safi. Walioanza kubanwa ni wenye malori ya zaidi ya tani 12. Hakuna kizuizi wala askari wa kusimamisha: kamera inasoma namba ya gari, kompyuta inaangalia injini yake ni ya kiwango gani, na mwenye gari asipolipa, faini inamfuata. Tangu Machi 2021 lori kubwa lisilofikia kiwango cha Euro VI linalipa pauni 100 kwa siku, na lile la zamani zaidi linalipa pauni 300. Kwa bei hiyo mwenye lori hahitaji kushawishiwa. London haikuwa ya kwanza, kwani Stockholm, Göteborg na Malmö zilianza na malori na mabasi mwaka 1996, na Berlin iliingia Januari ya mwaka uleule wa 2008. Lakini London ndiyo iliyokuja kupata sura ya mtoto kwenye mjadala huu. Ella Adoo-Kissi-Debrah alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka tisa, pumu ikiwa imemtesa, nyumbani kwao kukiwa karibu na barabara kubwa ya kusini mwa mji. Desemba 2020 mahakama ya uchunguzi wa vifo iliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Miaka minane kabla ya uamuzi huo, mwaka 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikuwa wameshauweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka.

Sina ugomvi na London kwa kulinda watoto wake. Swali langu ni la mtu aliyesimama Kyela: lori lililofukuzwa lilikwenda wapi?

Lori halifi kwa kufukuzwa mjini. Linauzwa. Na lori la Uingereza lina usukani kulia, kwa hiyo Mjerumani na Mfaransa hawalitaki. Soko lake ni nchi zinazoendesha kushoto, na kwa sehemu kubwa ya nchi hizo tunajuana: Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi, Zambia. Simama kwenye barabara ya Kasumulu uangalie milango ya Scania na DAF zilizochoka. Utaona rangi ya kampuni ya ng'ambo iliyofifia, nambari ya simu ambayo hakuna dereva wa hapa aliyewahi kuipiga, na juu yake maandishi mapya ya kumshukuru Mungu. Siwezi kusema lori fulani limekuja kwa sababu ya kamera fulani. Naweza kusema kwamba bei ya lori chakavu inashuka pale linapokatazwa, na mnunuzi wa mwisho ni yule asiyekatazwa.

Kwa magari madogo hesabu imefanywa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilionyesha mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda kuuzwa kwingine, na asilimia 40 yakaja Afrika. Mwaka huohuo wakaguzi wa serikali ya Uholanzi waliyachunguza yale yaliyokuwa yanapitia bandari zao kuja huku. Mengi yalikuwa na umri wa miaka 16 hadi 20, na baadhi yalikuwa yameng'olewa kile kifaa cha kusafisha moshi, kwa kuwa ndani yake mna madini ya thamani. Gari linaondoka Ulaya limeshanyofolewa pafu. Nikumbushe na jambo moja la London ambalo halikuvuma sana huku: mwaka 2024 wenye magari yaliyokataliwa waliruhusiwa kulipwa fidia bila kuyaponda, ili mradi wayatoe msaada kwa Ukraine. Vita ni vita, na gari la wagonjwa la zamani ni bora kuliko kukosa kabisa. Hata hivyo inaonyesha kwamba usafi wa hewa nao una mipaka ya nchi.

Sisi je, tuna nini? Tuna mizani.

Kila anayejua barabara kuu ya Tanzania anaijua foleni ya mizani. Kule Mpemba, karibu na Tunduma, malori yanapanga mstari na kupanda bamba moja moja. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, ekseli zinahesabiwa, faini zinaandikwa, na dereva aliyezidisha anajua atakavyolala. Tumefanya hivyo kwa ajili ya lami. Serikali ilikubali kwamba lami inaumia, kwamba inagharimu fedha, na kwamba anayeiumiza alipe. Kifua cha muuza ndizi wa Uyole hakijapewa heshima hiyo. Lori linapanda bamba likitoa wingu jeusi mpaka mpimaji anaziba pua, kisha karatasi inatoka imeandikwa kwamba liko sawa, na linaondoka.

Si kwamba sheria haipo. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zilitoka mwaka 2007, chini ya Sheria ya Mazingira, na moshi wa magari umo ndani yake. Na kuna kazi iliyofanyika, tena kubwa. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, wakati Tanzania ilikuwa ikiruhusu hadi 500. Kabla ya hapo kulikuwa na balaa la uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi, dizeli ghali, wajanja wakachanganya, na injini zikakohoa nchi nzima. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ikaanza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe. Ulipungua kweli. Aliyeumia ni bibi wa kijijini mwenye koroboi, ambaye hakuwahi kuchakachua chochote, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Mafuta yakiwa safi na injini ikiwa mbovu, moshi unabaki mweusi. Kipima moshi cha kuchomeka kwenye ekzosi ni kifaa kinachobebeka, si mtambo wa kujengewa jengo. Kingekaa pale mizani, ambako lori tayari limesimama, dereva tayari ameshuka, na serikali tayari ina meza. Naamini hapo ndipo ukanda wetu wa hewa safi ungeanzia, kuliko kuweka kamera katikati ya Dar es Salaam ili malori mabovu yahamie mikoani. Maana hicho ndicho kitakachotokea tukiiga bila kufikiri: tutafanya kwa Kyela kile London ilichofanya kwetu.

Na Kyela ina ziwa. Watu wa mipango husahau jambo hili wakati ramani iko ukutani kwao.

Mzigo wa saruji ukitoka Mbeya kwenda Mbamba Bay kwa barabara, unazunguka Makambako, Njombe, Songea na Mbinga, zaidi ya kilomita 600, milima mitupu. Kwa maji, ukishateremshwa hadi pwani ya Kyela, kushuka kusini ni chini ya nusu ya hapo, na hakuna mlima tena. Mamlaka ya Bandari ilijenga meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, hapa hapa Kyela, kwenye bandari ya Itungi, kazi ikifanywa na kampuni ya Kitanzania ya Songoro Marine. Kila moja inabeba tani 1,000. Ukikadiria tani 30 kwa semi moja, meli moja ikijaa ni semi thelathini na tatu ambazo hazikupita kwenye dirisha la mtu wa Njombe wala Songea. Baadaye ikaja MV Mbeya II, ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, inayogusa Matema kisha bandari ndogondogo za mwambao: Lupingu, Manda, Liuli na nyinginezo. Meli nayo inatumia dizeli, sisemi ni malaika. Lakini kwa kila tani inayobebwa inatumia mafuta kidogo zaidi, na moshi wake unatokea pasipo na nyumba.

Tatizo ni mchanga. Mito inayoshuka kutoka Rungwe na Livingstone inabeba mlima kidogo kidogo mpaka ziwani, na Itungi imekuwa ikipungua kina hadi shughuli nyingi zikahamia bandari ya Kiwira. Bandari inayojaa mchanga inataka kuchimbwa kila mara, na kuchimba kunataka bajeti, na bajeti inapenda lami kwa sababu lami inazinduliwa kwa kukata utepe. Sijawahi kusikia utepe ukikatwa kwa ajili ya kina cha maji.

Jumamosi niliteremka soko la Lyulilo, mwendo mfupi kutoka Matema. Hapa ndipo Wakisi wanapoleta vyungu. Vinatoka Ikombe kwa mitumbwi na maboti, vimepangwa juu ya nyasi, rangi ya chaza na nakshi nyeupe shingoni, na kila kimoja kimefinyangwa na mwanamke kwa mkono bila gurudumu. Boti ikigusa mchanga, wanawake wanaingia majini hadi magotini, vyungu vinapita mkono kwa mkono, na bei inaanza kupigwa kabla ya chungu kufika nchi kavu. Ndizi, mpunga, dagaa, sabuni, vyote vinabadilishana mikono. Nilisalimia kwa "ugonile" yangu ya kuokoteza, nikajibiwa kwa Kinyakyusa kirefu kilichonishinda, wakacheka, tukarudi kwenye Kiswahili.

Pembeni ya soko lilisimama Fuso. Injini ilikuwa inanguruma kwa sababu, utingo alinieleza, ikizimwa huenda isiwake. Moshi wake ulikuwa wa buluu, na ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye meza ya mama muuza maandazi. Mama akahamisha meza. Dereva akatoa mkono dirishani kuomba radhi. Wote wawili walionekana kuwa wameshafanya hivyo Jumamosi nyingi.

Kama kuna mtu wa kulifukuza lile Fuso, si mimi. Vyungu vya Ikombe vinafika Mbeya kwa sababu yake. Meli inaelekea kusini, wanunuzi wa vyungu wako kaskazini, na hakuna njia nyingine. Kabla ya lami wachuuzi walikuwa wakipanga vyungu kumi kwa nyasi nyingi na kuomba Mungu viwasili sita. Sasa vinawasili vyote, na mwanamke wa Ikombe analipwa kwa vyote. Halafu tuwe wakweli: mwanamke huyohuyo anavuta moshi mwingi zaidi jikoni kwake na kwenye tanuri la wazi anakochomea vyungu kuliko atakaoupata kwa Fuso la Jumamosi moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mkakati huo umeweka lengo, mwaka na fedha za ruzuku. Kwa moshi wa malori bado tuko kwenye kufunga vioo vya Costa.

London ilijua kwamba amri peke yake itamvunja mtu mwenye gari moja, ndiyo maana ilitenga mamilioni ya pauni kuwalipa walioyaondoa magari yao. Nikiwaza hilo, nilimsogelea dereva wa Fuso nikamuuliza moshi ule unatokana na nini. Hakukasirika. Alishuka, akafungua kichwa cha gari, akanionyesha kama daktari anayemweleza ndugu wa mgonjwa: ringi zimekwisha, nozeli mbili zinavuja, pampu ilifunguliwa Uyole ikarudishwa vilevile. Anajua bei ya kila kimoja, kipya na cha mtumba. Gari si lake. Tajiri yuko Mbeya na anasema litengenezwe likipata mzigo mzuri, na mzigo mzuri ni huu wa vyungu, unaolipa mafuta na chakula.

"Sasa kaka, wewe unaandika," aliniambia akishusha kichwa cha gari. "Andika kwamba dereva hapendi moshi. Unaingia kwangu kwanza. Na ukimpata wa kuninunulia nozeli, mwambie Jumamosi huwa niko hapa."

Kisha akamwita utingo, na wakaanza kupakia.